Mkasi Wangu na Jumatano za Mvua

Jumatatu, 1 Septemba

Mwanangu mpenzi Synne, salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako Kjartan anakusalimu. Nyonga bado inamsumbua, bado anangoja barua ya hospitali, na anasema usiache kula samaki huko Rotterdam. Bibi yako Borghild anakusalimu kutoka kitini kwake dirishani. Amekufumia soksi ya kushoto, ya kulia anasema utaikuta ukirudi, ili urudi. Mdogo wako Sindre anakusalimu, yaani nilimwambia akusalimu akasema "haya". Pelle amelala mlangoni pa chumba chako tangu Jumamosi, na salamu ya mbwa ndiyo hiyo. Jirani Målfrid anakusalimu na kuuliza kama huko kuna milima. Nimemwambia hakuna, akakuonea huruma sana. Na mimi mama yako nakusalimu kuwashinda wote hao.

Ulinipa daftari hili ukasema, "Mama, usinipigie simu mara sita kwa siku. Andika humu, likijaa nitumie." Haya, naandika. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, mkono wangu umezoea dekio kuliko kalamu, kwa hiyo nikikosea usinisahihishe kwa wino mwekundu. Ualimu wako uishie mlangoni.

Kesho anakuja yule mwanafunzi wa ualimu kutoka Ureno. Wewe umepelekwa kufundisha watoto wa watu, na mtoto wa watu analetwa kwetu. Atalala chumbani kwako hadi Desemba, na mazoezi yake atayafanya darasa la nne, kwa Haldis, shuleni kwangu. Nasema kwangu, maana sakafu ile naipiga deki mwaka wa ishirini na nne huu.

Umekula leo?

Jumanne, 2 Septemba

Amefika. Jina lake Benedita, wa Évora, miaka ishirini na miwili kama wewe. Koti lake jembamba kuliko yeye, viatu vya turubai. Anaongea Kinorwe cha mwaka mmoja wa masomo ya jioni, na pakipunguka anamalizia kwa mikono. Ananiita "Mama Oddny". Hapa hata darasa la kwanza wananiita Oddny mtupu, kwa hiyo baba yako alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha. Lakini nikuambie kweli: wanafunzi wa ualimu wanne wamepita shuleni kwetu, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza jina. Wale wengine waliniruka kama ndoo.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua.

Jumatano ni siku ya msituni kwa darasa la tatu na la nne, unaijua, umekwenda mwenyewe: moto, visu vya kuchongea, soseji kwenye vijiti, tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, inyeshe isinyeshe. Benedita alirudi viatu vimejaa maji, meno yanagongana. Akaniuliza, "Mama Oddny, nani aliamua hivi?"

"Hakuna aliyeamua. Ndivyo ilivyo."

Nikampa nguo zako za zamani za sufu. Moyoni nikasema, huyu hafiki Oktoba.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Benedita ana mafua. Bibi anasema watu wa jua hawapandikiziki huku.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Amechoma soseji mpaka ikawa mkaa, watoto wakamcheka, naye akacheka. Haldis hakucheka. Haldis unamjua, hata nywele zake zinafuata ratiba.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Nilikuwa napiga deki chumba cha nguo, Benedita akaingia na daftari la mahudhurio.

"Mama Oddny, Filmon leo hayupo. Gabija hayupo. Jumatano iliyopita hawakuwapo, na ile nyingine pia. Siku zilizobaki zote wapo, tena wazima, wanapanda ukuta. Haldis ameandika 'mgonjwa', 'mgonjwa', 'mgonjwa'. Ugonjwa gani huu unaoijua kalenda?"

Filmon ni mtoto wa Letebrhan, yule mama Mwiritrea wa kiwanda cha samaki. Gabija ni wa wale Walithuania wa nyumba ya njano.

Nikamwambia, "Sijui."

Synne, nilijua. Mtu anayepiga deki chumba cha nguo anajua kila kitu. Kulabu ziko ishirini na mbili, na chini ya kila kulabu mimi najua kinachodondoka hapo. Chini ya kulabu ya Eskil, mwenzao darasani, yanadondoka matope ya ovaroli. Chini ya ya Filmon hakujawahi kudondoka kitu. Panatundikwa kijikoti na viatu vya michezo, basi. Hana sufu, hana ovaroli ya mvua, hana mabuti. Tangu mwaka jana najua. Nikajiambia si kazi ya mfagizi.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo kondoo na kabichi. Benedita amekula sahani tatu. Bibi amesema sasa huyu ni mtu.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua. Filmon "mgonjwa", Gabija "mgonjwa". Ukurasa huu usome taratibu, maana yote yaliyofuata yalianzia hapa.

Saa tisa, wengine wameondoka, Benedita alisimama mbele ya lile sanduku la vitu vilivyosahauliwa. Unalijua, lile la kona, limejaa mpaka kifuniko hakifungi.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya wote na si vya mtu. Nawaandikia wazazi waje kuchukua, hawaji. Wananunua vingine. Kila baada ya miaka miwili natia mifukoni vinakwenda duka la mitumba."

Akainua ovaroli ya mvua ya bluu, gotini ina kiraka chenye umbo la nanga. "Na hii?"

"Hiyo ina mwaka na nusu humo ndani."

Tukatazamana. Akasema, "Nimwulize Haldis kwanza."

Nami nikamjibu, na maneno haya ni yangu, Synne, si yake: "Ukimwuliza Haldis, itaundwa kamati, na kamati ikimaliza kikao mtoto atakuwa na ndevu. Chukua."

Tukachagua vipande kumi na kimoja: ovaroli mbili, sufu za ndani, soksi, glovu, mabuti. Kisha nikaona vile vitambaa vya majina vilivyoshonwa ukosini na pindoni. Nikafikiri, mtoto wa miaka tisa akivishwa jina la mwenzake shingoni, afadhali baridi. Nikatoa mkasi nikavikata vyote. Nikavitia mfuko wa aproni.

Benedita aliushika mkono wangu akasema, "Huku kwenu nilidhani watu ni baridi kama maji ya bomba." Nikamwambia ni baridi kweli, ila bomba likikaa kidogo wazi maji yanapata joto.

Wiki ya likizo ya vuli

Viazi. Mvua. Viazi. Sindre amejua kumbe mgongo unauma. Simu yako ya Jumanne ilikuwa ya dakika nne tu, sauti yako haikunifurahisha. Kuna nini?

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua kubwa. Filmon amekwenda msituni. Gabija amekwenda msituni. Benedita aliwaambia jana waje, leo akawavisha hapahapa chumba cha nguo. Mchana, chini ya kulabu zao mbili, kulikuwa na dimbwi la matope la kuogelea bata. Miaka ishirini na nne, sijawahi kupiga deki kwa furaha namna ile. Filmon alinionyesha kijiti alichokichonga, anasema ni mamba. Kina pua tu. Ni mamba.

Jumatano, 22 Oktoba

Balaa. Mzazi wa zamu ya kuwasha moto leo alikuwa Roald, yule mwenye karakana ya injini za boti, baba wa Eskil. Aliyenisimulia ni Gabija.

Roald aliona kiraka cha nanga gotini mwa Filmon. Kiraka kile alikishona mama yake Roald mwenyewe. Akamshika mtoto begani, akageuza ukosi mbele ya darasa zima. "Jina liko wapi? Oneni, limekatwa!"

Benedita akajitia katikati. "Mwachie. Nimempa mimi."

"Basi mwizi ni wewe," akasema Roald, "na afadhali umejitaja, umetupunguzia kazi. Huko kwenu mnagawa mali za watu hivyohivyo?"

Alhamisi, 23 Oktoba

Ukurasa huu nilitaka kuuchana.

Mwalimu mkuu Terje alituita sote. Roald amedai ipelekwe chuoni barua ya shaka. Wewe unaijua hiyo barua, uliniambia mwaka ule ukaicheka: mwanafunzi akiandikiwa kwamba hafai kukabidhiwa watoto wa watu, anachunguzwa, mazoezi yanahesabiwa bure, na anaweza asiwe mwalimu kamwe. Anayeiandika ni Haldis, kwa kuwa ndiye anayemsimamia. Terje amesema jambo litaamuliwa baada ya mkutano wa wazazi, tarehe sita Novemba.

Haldis akauliza, "Kuchukua bila kuuliza ni kosa moja. Lakini majina yalikatwa. Nani aliyakata?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya kahawa. Vitambaa kumi na kimoja vilikuwa mfukoni mwa aproni, vinanichoma kama makaa. Nikafikiria nyonga ya baba yako. Nikafikiria kwamba katika nyumba hii anayeleta mshahara kamili ni mimi peke yangu.

Benedita akasema, "Mimi."

Nikammiminia Terje kahawa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Sina la kujivunia, kwa hiyo siandiki.

Jumatano, 29 Oktoba

Filmon "mgonjwa".

Alhamisi, 30 Oktoba

Tulikuwa tunamenya viazi, yeye na mimi. Nikashindwa kujizuia. "Kwa nini hukunitaja?"

Hakuinua macho. "Mimi Desemba naondoka. Wewe unabaki na watu hawa mpaka uzeeni, Mama Oddny."

"Lakini wewe ndiye ulitaka kuuliza. Mimi nikakuzuia."

"Sikufungwa kamba. Nina miguu, ningeweza kwenda kuuliza."

Bibi, ambaye tunadhani hasikii, akasema kutoka dirishani: "Mimi Borghild nilizaa mtoto mmoja wa kiume, na huyo mtoto akaoa mwanamke. Nilidhani ameoa mwanamke mwenye mdomo."

Basi. Nimekaa na neno hilo usiku na mchana. Nilikuwa naogopa wewe usipate baridi, usidharauliwe, usifungiwe nje ya mlango wa watu huko Rotterdam. Kumbe mlango ambao mtoto wa mama mwingine anafungiwa nje, aliyeushika kitasa ni mimi.

Jumatano, 5 Novemba

Theluji kidogo, kisha mvua juu yake. Kesho mkutano. Nimepiga pasi aproni. Baba yako ameniuliza, "Unakwenda harusini?" Nikamwambia yote. Akasema, "Nyonga ni yangu, si yako. Usiitumie kujifichia." Nilioa vizuri mimi, hata kama yeye husema ndiye aliyeoa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimerudi sasa hivi, kahawa iko mbele yangu, naandika kwa haraka, soma hivyohivyo.

Kazi yangu mkutanoni ni viti na kahawa. Nikavipanga. Wazazi walijaa, wa darasa lote la nne. Letebrhan hakuwapo, yuko zamu ya jioni kiwandani. Benedita alikaa mbele karibu na Haldis, mikono magotini, kama mtoto wa kipaimara.

Roald akaongea kwanza. "Sina ubaya na mtu. Watoto wa watu wa kiwanda wanakaribishwa. Lakini kitu cha mtu ni cha mtu. Leo ovaroli, kesho baiskeli. Na mtu anayekata jina la mtoto wangu kwa mkasi, huyo anajua anachofanya. Naomba Haldis aandike barua, asitucheleweshe."

Wengine wakamwitikia kwa vichwa. Haldis akafungua folda. "Taratibu zinasema..."

Sikungoja taratibu. Nikaenda chumba cha nguo, nikalivuta lile sanduku sakafuni mpaka katikati ya watu, linalia kama nguruwe, nikalipindua. Lundo likanifika magotini. Harufu, Synne! Kulikuwa na mkate wa jibini ya kahawia ambao sitaki kuutaja.

Terje akasema, "Oddny, tuko kwenye mkutano."

"Naona. Nimevipanga viti mwenyewe."

Nikainua glovu. Mimi msomaji wa polepole, lakini majina ya watoto wale nayajua kuliko sala. "Eskil. Glovu, moja. Eskil, glovu nyingine, si ya ile. Eskil, kofia. Eskil, sweta ya sufu, hii Roald nilikuandikia Machi, na Mei, na Agosti. Thea, buti la kushoto. Thea, buti la kushoto tena. Mna mtoto wa miguu mingapi?" Mtu akacheka nyuma. Nikaendelea mpaka koo likakauka. Hakuna kiti kilichopona, isipokuwa vya wale wasiokuwa na cha kusahau.

Kisha nikatia mkono mfukoni, nikaviweka vile vitambaa mezani mbele ya Haldis, kimoja kimoja, kumi na kimoja. Na mkasi juu yake.

"Aliyekata ni mimi. Msichana huyu alitaka kukuuliza, mimi nikamkataza. Mlipouliza nani, nilikuwa na chupa ya kahawa mkononi, nikanyamaza, akabeba yeye. Kama kuna barua ya shaka, iandikwe jina langu, mniondolee dekio. Yeye amefanya nini? Amelisoma daftari la mahudhurio. Alikaa huku wiki mbili tu akaona kwamba kuna watoto wanaougua Jumatano tu. Sisi tumekaa maisha yetu yote hatukuona. Si kweli. Mimi niliona. Nikafagia."

Roald alikuwa mwekundu kama boya. "Hilo halibadili kitu. Kiraka kile alikishona mama yangu."

"Na mama yako hakukishona kikae sandukuni. Alikishona ili goti la mtoto lisilowe. Goti limelowa miezi kumi na nane, Roald, goti la mwingine."

Akanyanyuka, akaokota vyote vya Eskil, mfuko mzima, na ile ovaroli ya bluu akaitaka. Terje akamletea kutoka ofisini. Akaondoka nayo. Nilitamani nikuandikie kwamba aligeuka mlangoni. Hakugeuka.

Haldis alivikusanya vile vitambaa, akavitia kwenye bahasha, akafunga folda.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepewa onyo la maandishi. Terje ameliandika vizuri, karatasi nzuri. Nimelibandika kwenye friji, kando ya ile barua yako ya kukubaliwa chuoni. Baba yako anasema sasa familia ina wasomi wawili.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilidhani yamekwisha. Leo Letebrhan alinijia chumba cha nguo, na koti la kiwanda bado mwilini. Nikafungua mikono nimkumbatie. Akanisimamisha kwa kiganja.

"Wewe ndiye Oddny? Mji mzima unajua mwanangu hana nguo. Nimeambiwa kiwandani, nakata samaki, mbele ya watu. Nani alikuambia mimi siwezi kununua?"

Nikashusha mikono.

"Naweza. Sikujua! Barua ya shule inasema 'nguo zinazofaa'. Zinazofaa ni zipi? Nilimnunulia koti zuri, jipya. Akarudi amelowa hadi mfupa, amechekwa. Jumatano iliyofuata akasema anaumwa tumbo. Mwaka mzima tumbo. Nimempeleka kwa daktari mara tatu! Nyinyi wawili mlijua, mkamvisha mwanangu kisirisiri kama mdoli. Kuniuliza mimi, midomo iliwashinda?"

Synne, ilinishuka kama maji ya barafu. Barua ile tumeiandika vilevile tangu enzi za bibi yako: nguo zinazofaa. Hakuna anayeeleza, kwa sababu kila mtu hapa amezaliwa anajua: sufu ndani, sufu juu yake, mpira nje, na pamba kamwe. Nilimcheka Haldis na kamati zake, nami nikafanya kamati ya watu wawili na mkasi.

Nikamwambia, "Umesema kweli. Nisamehe." Na Benedita, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akasema hivyo.

Letebrhan akafunga vifungo vya koti. "Kesho sina zamu. Njooni mnieleze. Na mje na njaa."

Jumanne, 11 Novemba

Tumekwenda. Kahawa duru tatu, ukiondoka kabla ya ya tatu umemtukana. Nilikwenda na sufu za Sindre za utotoni, nikazitandaza kitandani moja juu ya nyingine, hii kwanza, hii pili. Letebrhan anaandika. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Mwishoni akasema, "Sasa karatasi hii itafsirini, nitaipeleka kiwandani. Kuna akina mama kumi na sita pale wenye watoto wanaoumwa tumbo."

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya mawe. Filmon amekwenda msituni na ovaroli nyekundu mpya, jina lake mwenyewe ukosini, kalishona mama yake. Darasa zima lilikuwapo, watoto ishirini na wawili. Kulabu zote zimedondosha. Nimepiga deki mara mbili.

Ijumaa, 14 Novemba

Haldis amenijia na bahasha. Ndani mna vitambaa kumi. "Cha kumi na moja, cha Eskil, amekuja kukichukua Roald," akasema. "Hakusema cha nini." Kisha akasema, kama mtu anayetema mfupa: "Miaka tisa nimeandika 'mgonjwa', Oddny." Barua ya shaka hakuiandika. Amemsainia Benedita mazoezi yake, amefaulu, na chini ameongeza mstari: anaona mapema, aulize mapema zaidi. Benedita amesema ni haki. Mimi pia, ingawa imenichoma.

Na ile barua ya wazazi inaandikwa upya, kwa lugha saba, na michoro. Haldis ameunda kamati. Amenitia ndani, mimi na Letebrhan. Sicheki.

Daftari limefika ukingoni, nalituma kesho kwa posta. Sasa wewe, mwanangu. Ile simu yako ya Oktoba, sauti ile, sijaisahau. Kama wanakutishia huko kwa barua yoyote, usiombe radhi kwa kuwa umeona. Omba radhi kama hukuuliza. Fungua daftari la mahudhurio, utazame ni nani anakosekana siku gani, kisha nenda kwa mama yake mchana kweupe, ukiwa na njaa.

Na jambo moja, nijibu kwa haraka, hata kwa kadi, usingoje Jumapili: yule anayepiga deki darasani kwako huko Rotterdam, jina lake nani?